Swali Lilitungwa Wapi? Fedha za Utafiti kutoka Nje na Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wakfu wa Ford wa Marekani uligharimia uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha na ufundishaji wake katika nchi tano: Uganda, Kenya, Ethiopia, Zambia na Tanzania. Matokeo yalitoka katika vitabu vitano, kila nchi na chake, cha Uganda kikitangulia mwaka 1972 na cha Tanzania kikifunga mlolongo mwaka 1980. Ni kazi nzito, na mwanaisimu wa eneo hili asiyezisoma ana upungufu. Hata hivyo vitabu vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na ingawa wataalamu wa hapa waliandika baadhi ya sura, katika orodha ya wahariri wa vitabu hivyo vitano jina la Mwafrika ni moja tu, la Mubanga Kashoki wa Zambia. Cha Tanzania kilihaririwa na Edgar Polomé na C. P. Hill. Miongo miwili baadaye, mwaka 2001, wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania, nao pia kwa fedha za kigeni, safari hii za Sweden. Henry Muzale na Josephat Rugemalira walikuwa miongoni mwa waliouongoza. Mradi ulitoa kamusi na misamiati ya lugha kama Kihaya, Kinyambo na Kigogo, kazi ambazo hakuna mchapishaji wa biashara angezigusa, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, kitabu cha Kiswahili kinachomwonyesha Mtanzania lugha gani zinasemwa wapi nchini mwake.

Mada ilikuwa moja, na katika nyakati zote mbili fedha zilivuka bahari. Lililobadilika ni mahali swali lilipotungwa. Mwaka 1967 wazo la uchunguzi lilikuja likiwa limekwisha kukamilika. Mwaka 2001 lilitoka katika idara iliyojua mapengo yake na iliyokuwa na walimu wa kuyaziba. Nashikilia kwamba hii ndiyo tofauti iliyoamua mambo mengi katika historia ya utafiti wa vyuo vikuu vyetu, kuliko ukubwa wa kiasi kilichotolewa au uraia wa aliyekitoa. Pale fedha za nje zilipokuta taasisi yenye swali lake, watu wake na muda wa kutosha, ziliacha elimu iliyodumu. Pale zilipomkuta mhadhiri mmoja mmoja, mwenye mshahara usiotosha na maktaba isiyonunua vitabu, zilimgeuza kuwa mkandarasi wa ripoti. Naona ni muhimu kulisema hili wakati huu ambapo hakuna chuo kinachokosa semina ya kuwafundisha wahadhiri namna ya kutafuta wito wa maandiko, kuandika andiko la mradi na kupanga bajeti. Semina hizo zina faida yake. Lakini zinamfundisha mtu mmoja kutatua jambo ambalo kihistoria halikuwahi kuwa la mtu mmoja.

Utafiti wa kitaalamu uliingia katika nchi hizi ukiwa tayari na mwenyewe. Wajerumani walipofungua kituo cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, walitaka kujua ni kahawa gani itastawi, mpira gani utatoa utomvu, na mkwinini utaota wapi, kwa sababu mashamba ya walowezi na hazina ya Berlin vilihitaji majibu hayo. Waingereza waliokuja baada yao waliendeleza kituo hichohicho kwa mahitaji yao. Kisha katikati ya Vita Kuu ya Pili, Bunge la London lilipitisha Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1940, iliyoruhusu hadi pauni 500,000 kwa mwaka kwa ajili ya utafiti. Sheria ya mwaka 1945 ikapandisha ukomo huo hadi pauni milioni 1. Kutokana na fungu hilo ikajengwa pale Makerere Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Audrey Richards akiwa mkurugenzi wake kuanzia mwaka 1950. Moja ya kazi zake kubwa za mwanzo ilihusu vibarua waliohamia Buganda, wengi wao kutoka Rwanda na Burundi, suala ambalo watawala walikuwa na haja ya kulielewa. Waafrika walishiriki kama wakalimani na wakusanyaji wa taarifa. Jambo moja katika mpango huo linastahili kuangaliwa kwa makini. Serikali ya Uingereza haikuwaachia makarani wa hazina kuamua nini kichunguzwe. Mwaka 1944 iliunda baraza la wanazuoni wa sayansi ya jamii, lililokaa kati ya mfuko na mtafiti, likapima mapendekezo na kupanga vipaumbele. Wakoloni, kwa maslahi yao, walijua kwamba fedha za utafiti zinahitaji chombo cha wasomi kinachosimama katikati. Tatizo letu ni kwamba chombo hicho kilikaa London.

Uhuru ulileta vyuo kabla ya kuleta fedha za kuviendesha. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Katika miaka hiyo Wakfu wa Rockefeller uliviteua vyuo vichache katika nchi zinazoendelea na kuvisaidia kwa miaka mingi mfululizo. Vyuo vya Afrika Mashariki vilikuwa miongoni mwao. Ulilipia walimu wageni wa kushika nafasi kwa muda, na ukawalipia vijana wa hapa kwenda kusoma ili warudi kuzichukua nafasi hizo. Wakfu huo ulikuwa na malengo yake, na katika zama za Vita Baridi hakuna fedha ya Marekani iliyotoka bila mtazamo wa kisiasa. Lakini kilicholipiwa kilikuwa nafasi za kazi na watu, mambo ambayo hubaki chuoni baada ya mfadhili kuondoka. Mhadhiri wa Mlimani wa mwaka 1968 hakuhitaji kuandika andiko la kurasa arobaini ili aweze kufika Songea kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji. Alikuwa na mshahara wa kumtosha, gari la idara na muda wa likizo uliotambuliwa kuwa wa utafiti.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuonya umma kwamba kutegemea misaada na mikopo kunahatarisha uhuru. Mwaka huohuo pale Mlimani ilianzishwa ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyofahamika kwa kifupi chake cha BRALUP, ambayo baadaye ilikuja kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Ilikuwa ni dhamira nzuri: chuo cha nchi kichunguze ardhi na maji ya nchi. Lakini katika muongo uliofuata Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopokea misaada mingi kabisa barani, na misaada hiyo ikaigawa nchi kwa mikoa. Ujerumani Magharibi ilishika Tanga. Finland ikashika Mtwara na Lindi. Denmark ikawa na mipango ya maji ya Iringa, Ruvuma na Mbeya. Kila mfadhili alihitaji takwimu za mkoa wake, na watafiti wakafuata ramani hiyo. Mtu akitaka leo kujua hali ya visima na mito ya nyanda za juu kusini katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 atakuta makabati yaliyojaa. Akiuliza kuhusu mkoa uliokosa mfadhili, atakuta kidogo. Hakuna aliyekaa na kuamua kwamba maji ya mkoa huu yana thamani ya kitaaluma kuliko ya mkoa ule. Uamuzi huo ulifanyika wenyewe, kupitia mafungu ya bajeti za nchi nyingine. Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapoona waziwazi jinsi fedha zinavyoweza kuongoza elimu bila mtu yeyote kukusudia uovu.

Waswidi walijaribu njia tofauti, na jaribio lao ndilo linalotufundisha zaidi kwa sababu halikufaulu kwa namna walivyotarajia. Mwaka 1975 Sweden iliunda shirika maalumu la ushirikiano wa utafiti na nchi zinazoendelea, SAREC. Waanzilishi wake waliamini kwamba nchi yenyewe ndiyo inayopaswa kupanga vipaumbele vyake, kwa hiyo fedha zipitie katika baraza la utafiti la nchi husika. Tanzania ilikuwa nalo: Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina la UTAFITI, lilikuwa limeundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za Sweden zikaanza kupita huko. Kwenye karatasi, hiki ndicho chombo ambacho nimekuwa nikikitetea. Kwa vitendo, mabaraza ya aina hiyo katika nchi kadhaa yalifanya kazi kama wizara: yalikusanya orodha za miradi kutoka kwenye taasisi, yakazituma Stockholm, na yakasubiri. Hayakuwa na fedha zao za kuweka mezani, wala wanazuoni wa kutosha wa kusema mradi huu ni hafifu na ule ni wa maana. Katika miaka ya 1980 SAREC ikageuza mwelekeo na kuanza kushughulika na vyuo vikuu moja kwa moja, ikijikita katika kufundisha watafiti. Tanzania nayo ikalifumua baraza lake. Sheria namba 7 ya mwaka 1986 ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Mtu anaweza kulitumia jaribio hilo dhidi ya hoja yangu: ikiwa chombo cha katikati kilishindwa, basi acha kila mtafiti ajitafutie. Nadhani hitimisho hilo linaruka hatua. UTAFITI ilikosa vitu viwili ambavyo lile baraza la London la mwaka 1944 lilikuwa navyo, yaani fungu lake lenyewe na wasomi waliokaa humo kwa sifa ya usomi wao. Chombo kinachopitisha fedha za wengine tu hakiwezi kumkatalia mtu yeyote, kwa sababu kukataa kunamaanisha nchi kukosa. Tena, baada ya fedha kuhamia vyuoni, kilichoonekana kufaulu si mtafiti aliyeachwa peke yake. Waswidi walilipia maabara, maktaba na mafunzo ya uzamivu ya mtindo wa kwenda na kurudi, ambapo mwanafunzi hukaa miezi kadhaa katika chuo cha Sweden na miezi mingine nyumbani akikusanya data, akiendelea kuwa mwajiriwa wa chuo chake. Mtindo huo uliwarejesha watu wengi kazini Mlimani katika zama ambapo wenzao waliokwenda ng'ambo moja kwa moja hawakurudi. Mradi wa Lugha za Tanzania ulichipuka katika udongo huo, uliokwisha kuandaliwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wakati SAREC ikibadili njia, msingi wa chuo chenyewe ulikuwa unabomoka. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kuporomoka kwa bei za mazao viliumaliza uwezo wa serikali. Mishahara ya wahadhiri ililiwa na mfumuko wa bei mpaka ikawa haitoshi kulisha familia kwa mwezi. Mwaka 1986, ambao Tanzania iliafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia ilichapisha hoja kwamba nchi zinazoendelea zinapata faida ndogo kwa kutumia fedha za umma kwenye elimu ya juu kuliko kwenye shule za msingi. Mwaka 1988 ikairudia kwa Afrika kusini mwa Sahara. Hesabu hiyo ilipima mishahara ya wahitimu na haikupima kitu kingine chochote ambacho chuo kikuu huipa nchi. Madhara yake kwa utafiti yalikuwa makubwa. Wahadhiri wengi waliingia katika ushauri elekezi, kazi za miezi miwili au mitatu zilizotolewa na mashirika yaleyale ya misaada, zenye hadidu za rejea zilizoandikwa tayari na malipo ya siku moja yaliyoshinda mshahara wa wiki kadhaa. Katika miaka ya 1990 mada zilifuata kalenda ya dunia. Mwaka 1992, mwaka wa sheria ya vyama vingi, Mlimani ilianza mradi wa REDET juu ya demokrasia kwa fedha za Denmark. Mwaka 1994 ilianzishwa REPOA, ya utafiti wa umaskini, kwa msaada wa Uholanzi. Baadaye zikaja utawala bora, UKIMWI, malengo ya milenia, mabadiliko ya tabianchi.

Sisemi kwamba mada hizo hazikuwa na maana. Kura za maoni za REDET zilitupa kumbukumbu za uchaguzi ambazo tusingekuwa nazo, na umaskini ulikuwa mlangoni mwa kila mtu. Hasara ilikuwa katika muda na umiliki. Ripoti ya ushauri elekezi humalizika siku inapokabidhiwa. Data hubaki kwa aliyelipa, haifundishwi darasani, haiingii katika jarida, na mhadhiri aliyeikusanya hana ruhusa ya kuirudia. Mwaka unaofuata huitwa kwenye mada nyingine katika mkoa mwingine. Baada ya miaka ishirini ana rafu nzima ya ripoti na hana kitabu hata kimoja, na wanafunzi wake wamefunzwa kujaza madodoso, hawakufunzwa kuuliza. Mahmood Mamdani alilieleza hili kwa ukali alipoichambua Makerere katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, na tena aliporudi mwaka 2010 kuiongoza ileile taasisi ya Audrey Richards, akilalamika kwamba utamaduni wa ushauri elekezi umemfanya msomi wa Kiafrika kuwa mtoa majibu ya maswali yaliyoulizwa kwingine. Dawa aliyoitoa ni programu ya uzamivu yenye masomo ya darasani iliyoanza mwaka 2012, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwa wafadhili wa nje. Wapo waliomcheka kwa hilo. Mimi naona hakuna mgongano: alitumia fedha za nje kujenga mahali pa kutungia maswali.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa wahadhiri wenyewe ni la vitendo. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Historia ni historia, lakini wito wa maandiko unafungwa mwezi ujao, na anayejua kuandika ndiye atakayepata. Ni kweli, na sitamlaumu mtu yeyote anayejifunza ufundi huo. Msomaji wa maandiko kule Brussels au London anataka aone swali katika ukurasa wa kwanza, bajeti inayolingana na shughuli, na ushahidi kwamba mwombaji ameshafanya jambo linalofanana na analoliomba. Lakini tuangalie sharti hilo la mwisho. Ushahidi wa kazi iliyotangulia hutoka kwenye utafiti wa awali, na utafiti wa awali hugharimiwa na nani? Mhadhiri wa Basel au Uppsala huupata kwa fungu dogo la idara yake, muda uliotengwa rasmi na ofisi inayomsomea bajeti kabla haijatumwa. Wetu huandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi mia tatu, kisha huomba kuwa mshirika katika andiko la mwenzake wa Ulaya ambaye amekwisha kulitunga swali. Ufundi wa kuandika hauwezi kulijaza pengo hilo. Unachofanya ni kuwapanga upya wahadhiri wa hapa kwenye foleni ileile.

Ifakara inatuonyesha upande wa pili. Maabara ya Waswisi ilijengwa pale bonde la Kilombero mwaka 1957, kazi ya Rudolf Geigy wa Basel, na katika miaka yake ya kwanza ilikuwa kituo cha wageni kama Amani ilivyokuwa. Lakini ilibaki mahali pamoja. Ilifundisha wasaidizi wa tabibu, ikakusanya kumbukumbu za mbu, watoto na mvua mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1996 ikawa kituo cha Kitanzania chenye bodi yake. Mwaka huohuo ulianza mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, pamoja na sensa endelevu ya kaya zilezile. Kwa kuwa walijua nani amezaliwa na nani amekufa katika kila kaya, watafiti waliweza kuonyesha kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo waliokoka zaidi kwa takriban asilimia 27. Matokeo hayo yalisaidia kuzaa mpango wa taifa wa Hati Punguzo mwaka 2004, uliowapa wajawazito nchi nzima vocha za kununulia vyandarua. Fedha zilikuwa za nje, kuanzia za Uswisi hadi zile za Mfuko wa Dunia zilizolipia vocha. Ila hakuna wito wa maandiko wa miaka mitatu ambao ungeweza kulizaa jibu hilo peke yake. Lilitokana na kukaa.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linanisumbua. Kama fedha na vipaumbele vitakaa ndani ya nchi, vitakaa mikononi mwa serikali, na serikali zetu hazijawa rafiki wa kudumu wa maswali. Wanazuoni waliokutana Dar es Salaam Aprili 1990, na tena Kampala mwezi Novemba mwaka huo, kutoa matamko ya uhuru wa taaluma, walikuwa wameuona mkono wa dola vyuoni. CODESRIA, jumuiya ya watafiti wa sayansi ya jamii barani iliyoanzishwa mwaka 1973 na yenye makao Dakar, iliweza kuchapisha mambo ambayo vyuo vya taifa visingethubutu, kwa sababu sehemu kubwa ya mfuko wake ilitoka nje. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilirekebishwa ikawa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, na ilichukua hadi katikati ya mwaka 2019 kwa kifungu hicho kulegezwa. Nchi ambamo mtoa fedha, mtoa kibali na mwenye takwimu ni mmoja, utafiti wake utakuwa na woga.

Nalikubali pingamizi hilo kwa uzito wake wote, na ndiyo maana sikusema serikali. Mradi wa lugha haukuongozwa na wizara. Uliongozwa na idara ya chuo. Ifakara ilipata bodi yake. Lile baraza la wanazuoni la mwaka 1944 nalo lilikuwa hatua moja mbali na hazina. Uhuru wa mtafiti umekuwa salama zaidi palipokuwa na vyanzo vingi vya fedha vinavyokutana katika taasisi moja inayoweza kusema hapana kwa yeyote kati yao, serikali ikiwemo. Mfadhili wa nje anaweza kuwa kinga dhidi ya dola, kama alivyokuwa kwa CODESRIA, lakini kinga hiyo inafanya kazi kwa sababu CODESRIA ni jumuiya yenye sauti yake. Mhadhiri aliye peke yake hana kinga dhidi ya upande wowote. Dola ikimtisha, mfadhili humwandikia barua ya masikitiko. Mfadhili akibadili mada, chuo hakina la kumpa.

Taasisi ya namna hiyo ina gharama, na hapa kuna jambo dogo la kihasibu ambalo kwa muda mrefu limeamua mengi kuliko hotuba. Kila ruzuku hubeba gharama za moja kwa moja, kama mishahara ya mradi, safari na vifaa, na gharama za uendeshaji, ambazo hulipia umeme, wahasibu, maktaba na ofisi ya utafiti. Taasisi za Afya za Taifa za Marekani, NIH, zimekuwa zikivilipa vyuo vikuu vya Marekani gharama za uendeshaji kwa viwango vya makubaliano ambavyo mara nyingi huvuka asilimia 50, huku taasisi za kigeni, zikiwemo za Afrika, zikiwekewa ukomo wa asilimia 8. Umoja wa Ulaya katika mpango wake wa Horizon hulipa asilimia 25 kwa wote. Maana yake ni kwamba kwa miongo kadhaa kila ruzuku ya Kimarekani iliyoshindaniwa na kupatikana na chuo cha Kiafrika ilikijenga chuo hicho kidogo kuliko ruzuku ileile ilivyokijenga chuo cha Kimarekani, na mara nyingi ilikipunguzia, kwa sababu mhasibu na msimamizi wa maadili waliifanya kazi ya mradi kwa mshahara wa chuo. Wakuu wa vyuo walisherehekea idadi ya miradi na hawakuhesabu kilichobaki. Tungeanza kudai kiwango kimoja kwa wote, na kuwa tayari kukataa ruzuku isiyolipia gharama zake, tungefanya zaidi ya semina kumi za uandishi wa maandiko.

Hali ya sasa imeifanya hoja hii kuwa ya haraka. Machi 2021 Uingereza ilipunguza ghafla fedha za utafiti za ushirikiano na nchi zinazoendelea, na miradi iliyokuwa katikati ya safari ikaambiwa ikate bajeti. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na NIH ikasimamisha utaratibu wa kuzipa taasisi za nje mafungu kupitia ruzuku za vyuo vya Marekani, hadi mfumo mwingine uandaliwe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wazee waliosema hivyo hawakuwa wamemsusia ndugu. Viongozi wa Afrika waliahidi tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi, na Umoja wa Afrika ukairudia ahadi hiyo Khartoum mwaka 2006. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutaja asilimia 2. Tanzania ina mfuko wa MTUSATE chini ya COSTECH tangu miaka ya 1990. Hakuna kati ya nchi hizi iliyokifikia kiwango ilichokiahidi.

Wakosoaji watasema asilimia hizo ni ndoto kwa nchi yenye madeni na hospitali zisizo na dawa. Huenda. Lakini kiasi kinachohitajika ili idara iwe na swali lake ni kidogo sana kuliko asilimia 1: fungu dogo la kudumu la utafiti wa awali, lisilokatwa mwaka wa ukame, mhula mmoja bila kufundisha kwa anayeandaa andiko, mhariri wa bajeti anayelijua somo, na kamati ya wanazuoni yenye mamlaka ya kuamua idara itafuata maswali gani kwa miaka kumi ijayo, ili wito wa maandiko unapotoka, mhadhiri auangalie akiwa na orodha hiyo mkononi na aweze kuuacha upite kama haugusi lolote lililomo.